Nungunungu Alikuwa Mzee

Waliosimama msibani wakasema marehemu alikuwa mama mpole, asiyegombana na mtu, nawasamehe. Walikuwa wametoka mbali na walitakiwa waseme chochote. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta pale Nzuguni miaka mingi, na mpole hakuwa. Aligombana na mimi kwa sababu ya nungunungu wa kwenye kitabu cha watoto, tukanuniana wiki tatu nzima, tukawa tunapishana bombani kila mtu na ndoo yake kama hatujawahi kuonana. Mtu mpole hafanyi hivyo. Nimeamua kumwandika kama alivyokuwa, na anayetaka mama mpole akatafute wa kwake.

Mtaani tulimwita Mwandishi. Kabla ya kustaafu kazi yake ilikuwa kuandika yanayosemwa bungeni, neno kwa neno. Alinieleza kwamba mheshimiwa akikohoa huandiki kikohozi, lakini watu wakicheka unaandika kwenye mabano kwamba palikuwa na kicheko, na wakigonga meza unaandika makofi. Alikotoka, ukoo wake na mambo ya ndoa yake hakuna aliyewahi kumuuliza akajibiwa. Ukimuuliza alikuwa anakuuliza na yeye umekula nini.

Alipostaafu akaanza kusoma hadithi za watoto, na hakusoma kingine tena. Si vile vijitabu vya sungura na fisi vya kurasa kumi. Namaanisha vitabu vinene vya Kiingereza, vya mtumba, alivyokuwa anavichambua sokoni kwa muuza magazeti ya zamani: nchi zisizokuwepo, wanyama wanaoongea, watoto wanaopita kwenye ukuta na kutokea upande wa pili. Nilimuuliza siku za mwanzo, nikiwa bado namwogopa, kwamba mama, na usomi wote huo, kwa nini usisome vitabu vya watu wazima.

"Mwalimu," akanijibu, "maneno ya watu wazima nimeyaandika maisha yangu yote. Yamenitosha."

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, na mwalimu ndilo jina aliloniitia tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Kitabu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha sehemu tatu. Kinahusu nchi ambayo upepo wote umefungwa mitungini na mfalme mmoja mchoyo, na binti wa miaka tisa anayekwenda kuufungulia. Anasindikizwa na nungunungu. Huyo nungunungu ni mzee, jicho moja limeingia ukungu, mdomo unanuka, na hana subira na mtu. Lakini njia anaijua yeye peke yake. Mwandishi alikisoma kitabu kile kwa sauti, kila mhusika na sauti yake, na mimi upande wa pili wa ukuta nikiwa nasonga ugali nilikuwa namsikia nungunungu akifoka. Sisi watu wa Dodoma upepo tunao wa bure, na vumbi lake, kwa hiyo mwanzoni niliona ni kitabu cha ajabu cha watu waliokosa tabu.

Alisoma na kalamu mkononi. Pembeni mwa kurasa alikuwa anaandika kama alivyozoea kazini. Mtu akisema neno zuri, anaandika makofi. Mahali pengine ameandika kicheko, na mahali pengine kelele. Na akikuta jambo lisilolingana na lililosemwa nyuma, analipiga mstari: ukurasa wa arobaini mlinzi alisema hajawahi kumwona mfalme, hapa anasema walikula pamoja, nani anasema kweli. Hakuna mwandishi wa vitabu aliyewahi kusomwa kwa ukali ule, na wengi wao wana bahati hawakumjua.

Sasa sikieni tukio la shuleni kwetu. Nilimwomba aje awasomee watoto wa darasa langu. Akaja na khanga yake nadhifu na miwani ya kamba, akawatafsiria papo hapo kipande cha binti anapovuka bonde lisilo na sauti, na watoto themanini walikaa kimya mpaka nikaogopa. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ni mtu wa kuamini kwamba hadithi ya mtoto lazima iwe na dawa ndani yake. Ilipokwisha akauliza, kwa ile sauti ya kwenye mkutano wa wazazi, "Haya watoto, hadithi hii inatufundisha nini?"

Mikono ikapanda. Kutii wazazi. Kutunza mazingira. Kutokuwa na tamaa. Mwandishi akawatazama, akafunga kitabu.

"Haifundishi kitu," akasema. "Shusheni mikono. Imetokea, basi."

Mwalimu mkuu hakumwalika tena, na mimi nilipata barua ndogo ya onyo. Sikujuta. Wiki ile nzima watoto wangu walikuwa wanaulizana kama mtu anaweza kupiga kelele mahali ambapo sauti haipo, na hilo swali halipo kwenye mtaala wowote ninaoujua.

Lakini msidhani nilikuwa mfuasi wake. Tulipishana, tena vibaya, na ni kwa sababu ya filamu.

Kitabu kile kilitengenezewa filamu. Mimi niliipata kwa yule kijana wa kibanda cha muvi anayekuwekea kwenye flashi, na ilikuwa imetafsiriwa. Msomaji asiyejua mambo haya ajue kwamba kuna vijana wetu, madijei, wanaochukua filamu ya nje na kuisimulia kwa Kiswahili juu yake, sauti zote wanatoa wao, na wakiona hapa pamepoa wanatia maneno yao. Dijei wa filamu ile alimfanya nungunungu aongee Kiswahili chenye lafudhi ya Kigogo. Anamwona binti kwa mara ya kwanza anamwamkia "Mbukwa," halafu anauliza kama kuna mboga ya mlenda. Nilicheka mpaka nikalia. Baadaye nungunungu anaagana na binti kwenye mlango wa mitungi, na pale nililia kweli, bila kicheko. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema, na nitaitazama tena Jumapili nikipata umeme.

Nikamwalika Mwandishi. Akaja, akala karanga zangu zote, akatazama mpaka mwisho. Alipomaliza akapangusa mikono.

"Wamemfanya kijana," akasema.

"Nani, mama?"

"Nungunungu. Ni mzee yule. Huyu anacheza dansi."

Nikamwambia ni kwa ajili ya watoto, ili wafurahi. Akasema watoto wa darasa langu walifurahi bila dansi. Nikamwambia na hiyo ya mlenda je, si umecheka, nimekuona. Akasema kucheka amecheka, ila hayo hayakusemwa. Kwake hilo lilikuwa kosa la jinai. Neno ambalo halikusemwa halina ruhusa ya kuingia kwenye kumbukumbu, hata liwe tamu namna gani.

Ajabu yake ni kwamba alirudi. Alirudi mara tatu kuitazama filamu aliyoichukia, eti kukagua makosa, na kila mara akiwa na daftari. Mara ya tatu alikuwa na orodha ya mambo arobaini na kitu yaliyobadilishwa, akaanza kunisomea pale kochini kwangu, na mimi nilikuwa nimetoka kusahihisha madaftari ya watoto themanini. Uvumilivu ukaniisha. Nikamwambia, mama, mimi naipenda hivi hivi, na nungunungu wangu ni kijana, na wewe na kitabu chako mnachosha. Akaniuliza kama maneno hayo nayasema rasmi. Nikasema rasmi kabisa. Akachukua daftari lake akaondoka, na hizo ndizo wiki tatu nilizozitaja.

Nieleze sasa nilichokosea, maana bila hicho picha hii itakuwa ya uongo.

Ndani ya wiki hizo za kununiana, siku moja mchana nilisikia harufu ya kuungua. Nikaingia kwake bila hodi. Sufuria ya maharage ilikuwa nyeusi, moshi umejaa jikoni, na yeye yuko sebuleni anasoma sehemu ya tatu, anamfokea mfalme kwa sauti ya nungunungu huku machozi yanamtoka. Nilizima jiko. Hakushtuka sana. Akasema, "Nilikuwa nafika mlangoni," yaani mlango wa mitungi. Jibu hilo lilinikera. Jioni yake, hasira ya filamu na hasira ya moshi zikiwa pamoja, nilimpigia simu kijana wake mkubwa, afisa anayekaa Ihumwa. Nikamwambia mama yako amerudi utotoni, anaongea na vitabu, iko siku ataichoma nyumba.

Kijana yule si mtu mbaya. Anampenda mama yake, na maneno yangu yalimtoa usingizi. Aliitisha kikao cha familia.

Wanaojua vikao vya familia wanajua vilivyo. Jumapili baada ya ibada, viti vya kuazima, soda, shemeji mmoja mzee wa Mwandishi akawekwa mwenyekiti, sala ya kufungua. Mimi niliitwa kama jirani. Mwenyekiti akauliza nani ataandika muhtasari.  Mwandishi, ambaye ndiye ajenda, akanyanyuka, akaleta daftari, akavaa miwani.

"Nitaandika mimi," akasema. "Nyie hamjui."

Akaandika kikao kilichokuwa kinamjadili yeye. Kijana wake alisema habari ya sufuria na habari ya mama kuishi peke yake. Binamu mmoja akasema wazee wakianza kusoma vya watoto ndiyo dalili. Kisha nikapewa nafasi. Ningeweza kusema sufuria iliungua na ikaishia hapo. Lakini alikuwa mbele yangu, kalamu imesimama ikinisubiri, na mimi kile kinyongo bado ninacho. Nikasema, "Mtu mzima mwenye akili timamu halii kwa sababu ya nungunungu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mimi, niliyelia kwa sababu ya nungunungu huyo huyo kwenye kochi langu mwenyewe.

Iliamuliwa mama ahamie Ihumwa kwa kijana wake, na vitabu vibaki, ili apumzike. Mwenyekiti akamwomba asome muhtasari watu wauthibitishe. Akausoma wote kwa sauti moja, bila kukoleza, kila mtu na neno lake. Alipofika kwangu alisoma kauli yangu kama nilivyoitamka, kisha akasoma, "Kicheko." Akauliza nani ana marekebisho. Mimi nikainamia chupa yangu ya soda. Akasaini.

Nilimfuata chumbani akiwa anakunja nguo. Niliona haya, na mimi nikiona haya huwa mkali. Nikamwuliza kwa nini anakubali, mtu anayeweza kugombea umri wa nungunungu wiki tatu, leo anatolewa kwenye nyumba yake mwenyewe anasaini.

"Kikao kimekaa kihalali," akasema. "Ajenda ilitolewa, watu walisema, niliandika. Nikikataa kwa sababu uamuzi haunipendezi, nilikuwa naandika nini miaka yote ile?"

Ndivyo alivyokuwa. Mbele ya mtu mmoja mmoja hakushuka hata inchi, lakini uamuzi wa kikao aliuheshimu hata ukimkata yeye. Nimefikiri sana kama ulikuwa ujinga au heshima. Siku ile niliona ni ujinga, kwa sababu hivyo ilikuwa rahisi kwangu.

Ufunguo wa nyumba akaniachia mimi. Nilikuwa naingia kufungua madirisha na kufagia vumbi, na siku moja nikachukua ile sehemu ya kwanza. Kiingereza changu kinatembea polepole lakini kinafika. Nilisoma miezi miwili. Niseme wazi, kitabu ni kizuri na filamu bado naipenda zaidi, na hakuna atakayenibadilisha. Lakini yale maandishi yake ya pembeni yalininyima raha. Ukurasa wa mia mbili na kitu amemkamata mfalme kwa neno alilosema ukurasa wa tisa. Sehemu ya tatu amehesabu mitungi, akaona mmoja umepungua, akaandika uko wapi. Nimesahihisha kazi za watu wenye shahada ambao hawajui aya yao ya kwanza imesema nini. Mtu aliyerudi utotoni haandiki hivyo. Nilikuwa nimeapa uongo mbele ya familia ya watu, na wote waliuamini kwa sababu mimi ni mwalimu.

Jumamosi moja nikaenda Ihumwa.

Nyumba ya kijana wake ni nzuri, ukuta mrefu, marumaru, na treni inasikika ikipita. Nilimkuta Mwandishi sebuleni. Alikuwa amenawiri, amepakwa mafuta, amesukwa. Mbele yake luninga kubwa, sauti juu, katuni: bata wanajifunza kuhesabu moja mpaka tano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Kaa." Akaonyesha luninga kwa kidevu. "Wananiwekea asubuhi mpaka jioni. Waliambiwa napenda mambo ya watoto."

Nikawatazama wale bata.

"Hizi ni za watoto wa miaka mitatu," akaendelea, bila hasira, kama anayetoa taarifa. "Niliwaambia. Wakasema sawa mama, wakaongeza sauti."

Jikoni haingii, akasema. Akishika sufuria binti wa kazi anamnyang'anya kwa adabu. Akitoka getini mtu anatumwa amrudishe. Mikono yake ilikuwa imekaa mapajani, imefunguka, haishiki kitu. Nilikuwa sijawahi kuiona bila kalamu, na ile ndiyo iliyonimaliza. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Radhi ya nini? Sikukasirika."

"Kwa nilichosema kwenye kikao."

"Hiyo radhi haisaidii," akasema. "Imeandikwa." Akanitazama juu ya miwani. "Bungeni mtu akisema jambo lisilo kweli haombi radhi pembeni kwenye korido. Anasimama, anataja alichosema, anasema anafuta. Na asipofuta linabaki hivyo, hata akifa."

Nikaelewa kwamba miezi yote ile hakuwa amejisalimisha. Alikuwa anasubiri mtu mmoja asimame.

Nikasimama. Nikamwita kijana wake, akatoka chumbani na simu mkononi. Nikapunguza luninga mwenyewe bila kuomba ruhusa, bata wakanyamaza. 

"Kwenye kikao," nikasema, "nilisema mtu mzima mwenye akili timamu halii kwa sababu ya nungunungu. Na kwenye simu nilikwambia mama yako amerudi utotoni. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimemnunia kwa sababu ya filamu. Mama yako ana akili kuliko mimi, na kuliko wewe pia, unisamehe. Nafuta kauli zote mbili."

 Kijana wake akasema kwa upole, ule upole wa maofisa, "Mwalimu, tunashukuru, lakini haya ni mambo ya familia."

"Uliponiita kwenye kikao yalikuwa ya nani?"

 Mwandishi alikuwa ameshavaa viatu, sijui saa ngapi. Alikuwa amesimama katikati ya sebule ile ya marumaru, ameshika mkoba wake mbele kwa mikono miwili.

"Shahidi wako amefuta," akamwambia mwanawe. "Kilichobaki ni sufuria moja. Kwa sufuria moja mtu hahamishwi. Niletee begi langu."

"Mama." Nilimwonea huruma, kwa sababu hofu yake ilikuwa ya kweli na mimi ndiye niliyemtia. "Na ukianguka kule, uko peke yako?"

Alimsogelea, akamweka sawa kola ya shati.

"Nikianguka, baba, nitaanguka kwangu."

 Kijana akaingia ndani, akarudi amebeba begi.